Sura ya Sita: Mashine ya Tiketi Iliyozama

Alhamisi ni siku ya gulio Bugorora, wilayani Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara huvuka asubuhi kwenda kuuza na kununua, na mchana ukiinama hurudi kwao na magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, mifuko ya saruji, na watoto waliopelekwa kununuliwa sare za shule. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 walirudi kwa MV Nyerere, kivuko cha Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), kilichoundwa mwaka 2004 na kuruhusiwa kubeba abiria 101, tani 25 za mizigo na magari matatu. Kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Ukara, mbele ya macho ya waliokuja kupokea jamaa zao.

Swali lililoulizwa usiku ule, kuanzia Nansio hadi Mwanza na hadi Dar es Salaam, lilikuwa moja tu: walikuwamo wangapi? Hakuna aliyeweza kulijibu. Aliyekuwa akikata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine aliyokuwa akiitumia haikuonekana. Hesabu ikabidi ifanywe kwa kuanzia mwisho, maiti kwa maiti, hadi vifo vikafika 228 na waliookolewa wakawa 41. Mmoja wao, fundi wa kivuko, alitolewa hai baada ya siku mbili akiwa kwenye chumba kilichobakiwa na hewa.

Mwandishi wa habari huiona mashine ile kama ushahidi uliopotea. Mtu wa bima huiona kwa jicho jingine. Kwake, idadi ya watu ndiyo bidhaa yenyewe. Akikubali kubeba dhima ya mwenye chombo kwa abiria wake, anaandika kwenye mkataba idadi isiyopaswa kuzidi, na ada anayotoza inatokana na idadi hiyo. Abiria wa 102 hakulipiwa. Wa 200 hajulikani kabisa. Na siku madai yatakapoletwa mezani, swali litakaloulizwa kabla ya mengine yote ndilo lile lile la usiku wa Ukara.

Sura hii inahusu soko dogo, gumu, na lisilozungumzwa sana: bima ya vyombo vya majini katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na wanaolisimamia.

Wakazi wa Mwanza wenye umri wa kutosha hawakuhitaji kuambiwa maana ya kivuko cha Ukara. Walikwisha kuiona Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, karibu na Bwiru, pale MV Bukoba ilipolala ubavu ikiwa inakaribia kumaliza safari yake ya usiku kutoka Bukoba. Ilikuwa meli ya mwaka 1979, mali ya Shirika la Reli Tanzania, yenye uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu walikuwa wamepanda Bukoba, wengine wakaongezeka Kemondo, na ndizi zikapakiwa juu ya ndizi. Idadi rasmi ya waliokufa inatajwa kuwa 894, lakini hadi leo ukizungumza na watu wa kando ya ziwa watakuambia ni elfu na zaidi, na huna karatasi ya kuwabishia. Wengi wa waliokosa wa kuwatambua wamezikwa Igoma, kwenye makaburi ya pamoja yanayojulikana na kila dereva wa daladala wa njia ile.

Meli mbili, miaka 22 katikati, na kasoro ile ile. Si injini wala dhoruba. Ni hesabu ya vichwa getini.

Mwaka huo huo wa 1996 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima iliyomaliza enzi ya kampuni moja. Tangu Februari 1967, wiki zile zile za Azimio la Arusha, biashara yote ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963. Kwa karibu miaka 30 mwenye lori, mwenye duka la Kirumba na mwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga wote walikwenda dirisha moja. Kulikuwa na faida yake: fedha za bima hazikutoka nje bila Serikali kujua. Kulikuwa na hasara yake pia, na yeyote aliyewahi kudai fidia enzi zile anaweza kukusimulia kuhusu mafaili na benchi la kusubiria. Sheria mpya ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, na pamoja nazo ikaja kazi ambayo zamani haikuonekana ya lazima, kwa sababu mwenye kampuni na msimamizi walikuwa Serikali ile ile. Kazi hiyo ni kuhakikisha anayekusanya ada leo atakuwa na uwezo wa kulipa kesho kutwa. Kwanza ilifanywa na idara ndani ya Serikali, kisha, kwa Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009, ikakabidhiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Kamishna wa Bima.

Kwa bahati, 1996 ulikuwa pia mwaka wa hesabu kule London, kwenye soko ambalo bima za meli za dunia nzima hulitazama kama mama yao. Lloyd's si kampuni. Ilianza kama mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, unaotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1688, ambako wenye meli na wenye fedha walikutana na kugawana hatari, kila mmoja akisaini chini ya karatasi kiasi anachokubali kubeba. Kwa karne tatu waliotoa mtaji walikuwa watu binafsi waliowajibika bila kikomo, na London ilikuwa na msemo kwamba wangelipa hadi kifungo cha mkono wa shati. Ikaja hivyo kweli. Kati ya 1988 na 1992 soko hilo lilipata hasara ya takriban pauni bilioni 8, sehemu kubwa ikitokana na madai ya watu waliougua kwa kuvuta vumbi la asbesto, bima zilizoandikwa miongo mingi nyuma. Watu wengi walifilisika. Mwaka 1996 madeni ya zamani yakatengwa na kupewa kampuni iliyoitwa Equitas ili soko lipumue.

Jambo la kukumbuka katika mkasa huo ni nani alikuwa akiwasimamia. Walikuwa wakijisimamia wenyewe. Bunge la Uingereza liliwapa sheria yao mwaka 1982, na sheria ya huduma za fedha ya mwaka 1986 ikawaacha nje. Ni Desemba 2001 tu ndipo msimamizi wa Serikali alipokabidhiwa rungu. Kwa hiyo anayedhani wasimamizi wa Afrika Mashariki wamechelewa kuliko Wazungu, kwa hili la soko maalumu la meli na ndege, afanye hesabu upya: sheria ya Tanzania ya 1996 ilitangulia kwa miaka mitano.

Lakini kwa nini mambo ya London yamhusu mwenye meli wa Mwanza? Jibu ni kwamba hatari yake husafiri mbali kuliko meli yake.

Chukua mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ana meli ya mizigo inayokwenda Port Bell na Kisumu, thamani yake shilingi bilioni 10. Anahitaji kinga tatu: ya chombo chenyewe, ya dhima kwa mabaharia na wengine watakaodhurika, na ya mizigo. Kampuni yake ya bima iliyopo Dar es Salaam, yenye tawi mjini Mwanza, haiwezi kubeba bilioni 10 peke yake. Meli hiyo moja ikizama, mtaji unaolinda maelfu ya wateja wa magari na nyumba unaguswa. Kwa hiyo inabaki na sehemu ndogo na nyingine inaigawa kwa wenzake. Hii ndiyo inayoitwa bima mtawanyo, na jina hilo ni miongoni mwa maneno machache ya taaluma hii yanayojieleza yenyewe. Baadhi ya mtawanyo ni wa lazima. Asilimia 5 ya mikataba ya aina hiyo hupelekwa Africa Re, taasisi ya nchi za Afrika iliyoundwa kwa makubaliano ya Yaoundé mwaka 1976, makao yake Lagos. Asilimia 10 huenda ZEP-RE ya Nairobi, taasisi ya jumuiya ya COMESA, iliyozaliwa kwa mkataba wa Mbabane mwaka 1990. TanRe ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2004, nayo ina fungu lake. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki ZEP-RE. Siasa na bima hazipandi basi moja kila siku.) Kinachobaki hutafutiwa wabebaji nje, na kwa vyombo vya majini na vya angani, wabebaji hao duniani ni wachache na wanajuana.

Wenye meli za baharini wana njia nyingine pia: vyama vyao wenyewe vya kubebana dhima, 12 vikiwa katika kundi moja la kimataifa linalokinga takriban asilimia 90 ya tani za meli za baharini duniani. Mwanachama mmoja akigonga, wote wanachangia. Ukimweleza hivyo mvuvi wa Igombe hatashangaa hata kidogo. Atakuambia hicho ni chama cha kufa na kuzikana, ila cha matajiri.

Hapa ndipo msimamizi anapopata kazi ngumu. Sheria ya 2009 inadai theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe mikononi mwa Watanzania, na inakataza hatari iliyoko Tanzania kukatiwa bima nje bila idhini ya Kamishna. Hoja yake ni ya haki. Ada ikilipwa London, fedha za kigeni zimeondoka, na mjane wa Ukerewe hana mahali pa kwenda kudai; msuluhishi wa migogoro ya bima aliyewekwa na sheria hiyo hiyo hana mamlaka juu ya mtu asiyesajiliwa nchini. Kenya ilifuata mantiki hiyo ilipowalazimisha waagizaji wa bidhaa kukata bima ya mizigo kwa kampuni za ndani kuanzia Januari 2017. Ila kuna upande wa pili usiosemwa sana kwenye semina. Kadiri hatari kubwa zinavyobakizwa nyumbani, ndivyo ajali moja inavyoweza kuzitikisa kampuni kadhaa za mji ule ule kwa wakati mmoja. London iliona hivyo kati ya 1988 na 1992, pale wabebaji wa soko hilo walipokuwa wakiuziana hatari wao kwa wao, ikizunguka humo humo hadi mtu mmoja akajikuta anabeba mara ya tatu kile alichodhani amekwisha kuuza. Njia iliyochukuliwa Tanzania katika maeneo mawili mengine ni kampuni kuungana kapu moja: mwaka 2022 kwa mafuta na gesi, na 2023 kwa kilimo. Vyombo vya majini vinastahili kapu la namna hiyo, na ni vigumu kuona kwa nini pamba ya Simiyu ipate na meli ya Mwanza isipate.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa upande wa ziwa yalikuja kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022. Hadi wakati huo, bima ya lazima ambayo Mtanzania wa kawaida aliifahamu ilikuwa ile ndogo ya gari, inayotokana na sheria ya enzi ya mkoloni ya mwaka 1945; ndiyo stika ambayo trafiki huichungulia kwenye kioo. Orodha mpya ikaongeza masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, vyombo vya majini na vivuko. Masoko yaliingia kwa sababu iliyokuwa bado inanuka moshi: Kariakoo iliungua Julai 2021, Karume ikaungua Januari 2022, na wafanyabiashara waliopoteza mali yao wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kudai chochote. Vivuko na vyombo vya majini havikuhitaji kuelezewa, hasa kwa watu wa Kanda ya Ziwa.

Hata hivyo, kuifanya bima iwe lazima ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo wanasheria wa makoloni ya zamani huirejea hadi leo na ambayo Kenya ina mfano wake, inasema kwamba chombo kikitolewa safari kikiwa hakifai kusafiri, na mwenye chombo akijua, kampuni ya bima haiwajibiki kwa hasara iliyotokana na hali hiyo. Mikataba ya kisasa huongeza masharti yake: cheti cha ukaguzi kiwe hai, nahodha awe na leseni, abiria wasizidi idadi. Sasa ni nani anayekagua hayo? Si TIRA. Ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililorithi kazi hiyo mwaka 2018 kutoka SUMATRA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia usafiri wa nchi kavu na majini. Kwa lugha nyepesi, mamlaka moja inasimamia ahadi ya kulipa, nyingine inasimamia mambo yanayoweza kuifuta ahadi hiyo. Mtumishi wa getini Bugorora, anayetakiwa kusema "kimejaa" mbele ya umati unaotaka kuwahi nyumbani kabla ya giza, ana uwezo wa kuubatilisha mkataba uliosainiwa Dar es Salaam, ukagawanywa Nairobi na Lagos. Naye hajawahi kuuona.

Gari lina faraja yake. Tangu stika ziwe za kielektroniki, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA na kujua kama bima ni hai au ni karatasi ya mtaani. Huduma kama hiyo ingewezekana kwa kivuko: bango getini lenye jina la kampuni, tarehe ya mwisho wa bima na, kwa herufi kubwa kuliko zote, idadi ya watu waliokingwa. Abiria anayejua kwamba yeye ni wa 102 ana sababu ya kushuka ambayo hakuna askari angeweza kumpa.

Kuna pia wale ambao orodha ya 2022 inawataja kwa jina tu bila kuwafikia. Asubuhi pale Mwaloni, Kirumba, mitumbwi na boti za mbao hushusha dagaa na sangara kutoka visiwani, na nyingi hubeba watu juu ya magunia. Makadirio yanayorudiwa na wataalamu wa hali ya hewa yanataja vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu, vingi vikitokana na upepo na dhoruba za usiku. Hiyo ni zaidi ya MV Nyerere moja kila mwezi, ila wanakufa wawili hapa, wanne kule, bila tume wala siku za maombolezo. Kampuni ya bima ikiombwa kuwakinga itauliza mambo ya kawaida: mtumbwi una namba gani, una maboya ya kuokolea mangapi, nani nahodha, wanaondoka wangapi. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, BMU, vina madaftari ya kusajili vyombo na wavuvi, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu daftari la mwalo ndiyo orodha ya abiria ya maskini. Lakini ada ya mtumbwi mmoja ni ndogo kuliko nauli ya mkaguzi wa kwenda kuuona, na hesabu hiyo haijapata mtu wa kuimaliza.

Msaada mwingine unakuja kutoka nje ya bima kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeichagua Mwanza kuwa kituo kikuu cha uratibu wa uokoaji ziwani, chenye wenzake Kisumu na Entebbe, na uokoaji wa haraka hupunguza madai kuliko kifungu chochote cha mkataba. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na vivuko vilivyokuwa vikivusha malori na mabasi ya Geita na Bukoba vikapumzishwa kazi ile. Kwa mtu wa bima, ni mojawapo ya hatari kubwa za kila siku za Kanda ya Ziwa iliyofutwa kwa zege.

Ukara iko mbali mno na daraja lolote. Baada ya ajali ya 2018, ilifunguliwa akaunti ya maafa, na Watanzania, kampuni, taasisi na balozi zikachangia. Familia zikapewa rambirambi. Kiasi kilichobaki Serikali ikakielekeza kwenye ujenzi wa Kituo cha Afya Bwisya, hapo hapo kisiwani, si mbali na mahali walipozikwa baadhi ya marehemu. Wagonjwa wanaotibiwa humo leo wanatibiwa kwa fedha ambazo hakuna mkataba uliozidai, hakuna ada iliyozitangulia, na hakuna Kamishna aliyezisimamia. Anayetaka kufika huko kutoka Bugorora bado anakwenda gatini, anakata tiketi, na anasubiri kivuko.